Kabla bwana mdogo hajasaini karatasi ya "meneja", soma hapa kwanza

Mbukwenyi wadau. Leo sigusi Dodoma Jiji wala nani kapigwa ngapi pale Jamhuri, nataka tuongee habari ya mawakala wa wachezaji, maana kila dirisha la usajili likikaribia napata meseji zilezile, "kaka kuna jamaa anamtaka dogo wetu, anasema ana koneksheni Dar, tumpe?", ukiuliza huyo jamaa ni nani unajibiwa ni meneja. Meneja wa wapi? Meneja tu. Ana simu mbili, ana picha kapiga na mchezaji wa Yanga, basi.

Huku katikati ya nchi hii biashara imekolea na sababu zipo wazi. Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu 2020, Singida hapo jirani nao wana timu inayomwaga hela kwenye usajili, afu toka treni ya mwendokasi ianze kufika huku 2024 mtu anatoka Dar asubuhi, anakuja kuangalia madogo wa mchangani Chang'ombe au Nkuhungu, usiku kashalala kwake. Zamani skauti kufika huku ilikuwa safari, sasa hivi ni kama anaenda Morogoro. Na mimi sina shida na hilo, madogo waonekane, shida yangu ni ile karatasi inayotolewa kwenye begi baada ya mechi.

Wengi wanadhani kanuni za mawakala ni mambo ya FIFA na Ulaya huko, ya kina Haaland na mabilioni yao, siyo ya mtoto wa Kizota. Kumbe kanuni zenyewe zimegawanya kazi hivi: dili likiwa na sura ya kimataifa, yaani mchezaji anatoka shirikisho moja kwenda lingine, hapo ni kanuni za FIFA moja kwa moja. Dili likiwa la ndani, mchezaji wa Dodoma anaenda timu ya Dar au Mwanza, hapo zinatumika kanuni za shirikisho la nchi, kwetu TFF, na sheria za nchi zikiwa juu yake. Sasa jiulize karatasi ya kwanza kabisa anayosaini mtoto wa huku ni ya dili lipi. Ni ya ndani. Asilimia kubwa ya madogo hawafiki hata hiyo hatua ya kimataifa, ila kwenye karatasi ya ndani wameshafungwa mikono miaka na miaka. Ndo maana mi nasema tukiangalia FIFA tu tunaangalia mlango wa mbele wakati mwizi kapitia dirishani.

Kidogo historia, nitaipitisha chapu. FIFA walianza habari ya leseni za mawakala miaka ya 90, baadaye mitihani wakaachiwa mashirikisho ya nchi wasimamie. Tarehe 1 Aprili 2015 wakafuta leseni zote wakaleta kitu kinaitwa "intermediaries", yaani watu wa kati, hakuna mtihani, unajiandikisha tu kwa shirikisho lako basi umekuwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba hata wakati wa leseni uhamisho mwingi wa kimataifa ulikuwa unapita kwa watu wasio na leseni, kwa hiyo wakaona bora kumsajili kila anayefanya. Matokeo yake kila mtu akawa wakala, shemeji wakala, dereva wa timu wakala. Mimi naamini hii vurugu tunayoiona mtaani mbegu yake ilipandwa kipindi kile, watu walizoea kwamba hii kazi haina mwenyewe. Desemba 2022 FIFA wakapitisha kanuni mpya, leseni ikarudi, mtihani ukarudi, wa kwanza ukafanyika Aprili 2023 na kuanzia 1 Oktoba 2023 huruhusiwi kufanya kazi ya uwakala bila leseni. Mashirikisho ya nchi yakapewa mpaka 30 Septemba 2023 wawe na kanuni zao za ndani zinazoendana na zile.

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe.

Kuna mama mmoja jirani, mtoto wake wa kiume kidato cha tatu, winga, ana mbio huyo mtoto acha kabisa, alionekana kwenye UMISSETA. Mama akaniletea karatasi jioni moja akasema mwanangu hebu nisomee hii, baba yake kasafiri na mimi kizungu cha humu sikielewi. Nikasoma. Kurasa mbili, imeandikwa juu "mkataba wa menejimenti", mtoto ana miaka 16, muda miaka mitano, unajirudia wenyewe kama hakuna aliyeandika barua ya kuuvunja miezi sita kabla, meneja anachukua asilimia 30 ya kila kitu, mshahara, pesa ya usajili, posho, bonasi, hadi zawadi, na mchezaji haruhusiwi kuongea na timu yoyote bila meneja kuwepo, akifanya hivyo analipa faini. Sehemu ya sahihi dogo alishasaini. Shahidi ni kocha wake. Mzazi hana hata sehemu ya kusaini, hakuna mstari.

Nilikaa kimya kwanza maana yule mama alikuwa na furaha.

Tuanze na umri. Sheria yetu ya mtoto ya 2009 inasema mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwenye sheria ya mikataba mtoto hana uwezo wa kujifunga mwenyewe. Hapo tu karatasi imeshakuwa ya kufungia maandazi, hata hujafika FIFA. Ukifika FIFA nako, wakala haruhusiwi hata kumsogelea mtoto mpaka ibaki miezi sita au pungufu afikie umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kabla ya kumsogelea lazima awe na ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Siyo ruhusa ya mdomo, siyo "nilimpigia baba yake". Na wakala anayetaka kuwakilisha watoto anatakiwa awe amesoma kozi maalum ya FIFA juu ya watoto, na hawezi kudai malipo kwa kazi ya mtoto isipokuwa mtoto huyo anasaini mkataba wa kulipwa. Kwa hiyo jamaa anayemfuata dogo getini shuleni na soda na viatu vya mpira, hata awe na leseni tano, hapo ameshakosea.

Muda. Mkataba wa mchezaji na wakala mwisho miaka miwili. Miwili. Na hakuna kujirudia wenyewe, ukiisha umeisha, mkitaka kuendelea mnakaa mnasaini upya. Hiki kipengele kwangu ndo bora kuliko vyote kwa mazingira yetu, sababu dogo wa miaka 18 hajui thamani yake, miaka miwili mbele akiwa 20 kashacheza Ligi Kuu anaweza kukaa mezani na akili nyingine kabisa. Miaka mitano ya yule bwana ingemfikisha dogo 21 bado anakatwa 30 kwa makubaliano aliyofanya akiwa na daftari la jiografia mkononi.

Kile kipengele cha kuongea na timu bila meneja, kanuni zinasema wazi kabisa kwamba kifungu chochote kinachomzuia mchezaji kujadili na kusaini mkataba wake mwenyewe bila wakala, au kinachompiga faini kwa kufanya hivyo, ni batili. Mchezaji ni mtu mzima wa kazi yake, anaweza kwenda mwenyewe kwa katibu wa timu akasaini, wakala atadai haki yake kama ipo lakini hawezi kumfunga mdomo. Na kabla ya kusaini, wakala anatakiwa amwandikie mteja kwamba ana haki ya kutafuta ushauri wa mwanasheria wa kujitegemea, afu mteja athibitishe kwa maandishi kama ametafuta au ameamua kuacha. Hiyo karatasi ya pili umewahi kuiona mtaani wewe? Mi sijawahi.

Asilimia ndo watu wanapenda kubishana. Kanuni za 2023 ziliweka ukomo: mshahara wa mchezaji kwa mwaka ukiwa dola 200,000 kushuka chini, wakala wake asizidi asilimia 5, ukizidi hapo, kile kinachozidi ni asilimia 3. Dola laki mbili ni karibu nusu bilioni ya kwetu, kwa hiyo karibu kila mchezaji mnayemjua wa huku yupo kwenye fungu la 5. Chukulia dogo kapata timu inampa 2,000,000 kwa mwezi, nasema chukulia tu. Mwaka ni 24,000,000. Asilimia 5 ni 1,200,000, yaani laki moja kwa mwezi. Kwa karatasi ya yule bwana ni laki sita kila mwezi, na hapo sijagusa pesa ya usajili, na kodi bado, na dogo ana chumba Dar na nyumbani wanasubiri.

Ila hapa niwe mkweli maana kuna wajuaji wataniandikia. Huo ukomo wa asilimia ulipelekwa mahakamani Ulaya, mahakama ya Dortmund Ujerumani ikauzuia Mei 2023, Uingereza nako jopo la usuluhishi likasema haukubaliani na sheria zao za ushindani, ingawa mahakama ya michezo ya CAS Julai mwaka huohuo ilikuwa imesema FIFA wako sawa. Mwisho wa siku tarehe 30 Desemba 2023 FIFA wakasimamisha vifungu kadhaa dunia nzima, ukiwemo huo ukomo, kusubiri mahakama ya Umoja wa Ulaya, na wakayashauri mashirikisho ya nchi nayo yasimamishe vya kwao vinavyofanana. Kwa hiyo ukimtajia meneja asilimia 5 anaweza kukujibu "hiyo ilisimamishwa", na hapo hadanganyi. Lakini mwambie akuoneshe wapi leseni imesimamishwa, wapi miaka miwili imesimamishwa, wapi ulinzi wa watoto umesimamishwa. Havijasimamishwa. Hao jamaa wanachukua habari ya kipengele kimoja wanaifanya kama kitabu kizima kimechanwa.

Na hii inanikumbusha kwamba sheria ya nchi ina nguvu kuliko tunavyodhani. Ufaransa hawajasubiri FIFA, wakala wa michezo yupo kwenye sheria za nchi yao, leseni yake na ukomo wake wa asilimia 10 vimeandikwa humo, ukikiuka unakutana na dola siyo kamati ya mpira. Sisi tuna sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, ya zamani hiyo, imetungwa wakati mpira ni burudani ya jioni baada ya kazi, hakuna aliyewaza kijana anauzwa kama biashara. Mimi nipo hapa Dodoma, bunge lipo hapahapa naliona likiwa na vikao, na wabunge wetu ndo wa kwanza kuvaa jezi siku ya dabi, mechi za Simba na Yanga wanazijadili mle ndani kwa vicheko. Siku moja wangekaa hata nusu saa wakaongelea mawakala wa ndani nadhani mama wa Nkuhungu angefaidika kuliko na zile jezi.

Sasa turudi kwa "meneja" maana hapa ndo wanapojificha. Utawasikia, "mimi siyo wakala bwana, mimi ni meneja wake", mwingine mlezi, mwingine skauti, mwingine mshauri. Kanuni haziangalii umejiitaje, zinaangalia unafanya nini. Ukikaa mezani kwa niaba ya mchezaji au timu, ukajadili, ukapiga simu za kutafuta timu kwa lengo la mkataba kusainiwa, hiyo ni kazi ya wakala na inahitaji leseni. Kumpeleka dogo hospitali, kumnunulia viatu, kumsimamia Instagram yake, hiyo fanya tu hakuna anayekuzuia. Siku ukidai asilimia ya usajili ndo tunakuuliza leseni iko wapi. Na leseni ni ya mtu siyo ya kampuni, kwa hiyo kuniletea jina la kampuni na mhuri mkubwa wa bluu hakunisaidii, nataka jina la mtu. FIFA wana orodha ya mawakala wenye leseni kwenye tovuti yao, iko wazi kwa kila mtu, unaandika jina unaangalia, bando la mia tano linatosha. Yule bwana wa karatasi ya kurasa mbili tulimtafuta mimi na mama tukiwa tumekaa kibarazani, kwa majina yote mawili na kwa kuyageuza, hayupo.

Kingine ambacho hakisemwi sana, kocha na viongozi wa timu. Kanuni zinasema mtu ambaye ni mwajiriwa au kiongozi wa klabu, ligi au shirikisho hawezi kuwa na leseni ya uwakala. Kwetu huku ni kawaida kocha wa timu ya mtaa kuwa na "wachezaji wake", katibu wa timu naye ana wake, mchezaji akiuzwa kila mmoja anakatiwa chake pembeni. Najua watanijibu, huyu kocha kamlea mtoto toka ana miaka 11, kampa nauli, kampa jezi, leo dogo anapata timu kocha asipate kitu? Apate, tena apate sana, ila njia yake siyo hiyo. Kuna fidia ya malezi na kuna ule mgao wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa timu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Samatta alivyotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 huo utaratibu ndo uliokuwepo. Lakini hiyo hela inakwenda kwa klabu iliyosajiliwa yenye rekodi za mchezaji, siyo kwa mtu mwenye picha za zamani kwenye simu. Kocha aliyekaa miaka kumi anafundisha timu isiyosajiliwa popote anajinyima mwenyewe, afu hasira zote anazimalizia kwenye mkataba wa dogo.

Mkisema karatasi ni karatasi tu, kumbukeni sakata la mchezaji Bernard Morrison 2020, Yanga wanasema kasaini kuongeza mkataba, yeye anasema hajasaini, kamati ya TFF ikaona mkataba una kasoro, akaenda Simba, Yanga wakapanda hadi CAS na wakashindwa. Na Fei Toto naye, kiungo wa Yanga wakati huo, mwisho wa 2022 kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akidhani kashavunja mkataba, kamati ikasema bado ni mchezaji wao, likaendelea mpaka Rais Samia akaligusia Juni 2023 ndo akaenda Azam. Hao ni watu wakubwa, wana wanasheria, wana majina, magazeti yanawaandika kila siku. Winga wa kidato cha tatu akikwama atasaidiwa na nani?

Basi yule mama nilimwambia mambo machache tu. Asiende kugombana. Amwombe jamaa namba ya leseni na kitambulisho, amwambie karatasi haijasainiwa na mzazi na mtoto ni mdogo kwa hiyo haina kazi, na asitoe hata mia ya "hela ya majaribio", wakala analipwa dili likikamilika, hakuna wakala anayemlipisha mtoto nauli na ada ya kwenda kuonekana. Mama akapiga simu palepale, kwa heshima kabisa, shikamoo na nini, akauliza leseni. Jamaa akasema ataituma WhatsApp. Sasa hivi akipigiwa hapokei.

Swali ambalo lazima mtauliza ni la mjomba, na mama mwenyewe aliliuliza, basi si bora mjomba wake ndo awe meneja, ni damu yetu? Zamani kanuni za FIFA ziliwaruhusu wazazi, ndugu wa karibu na mawakili kumwakilisha mchezaji bila leseni. Kanuni za sasa hazina huo msamaha. Mjomba anaweza kukaa pembeni ya dogo siku ya kusaini, kusoma kila mstari, kukataa, kugonga meza akitaka, ila kujadili kwa niaba ya dogo na kukata asilimia hawezi mpaka awe na leseni. Wakili naye atashauri sheria ila hawezi kugeuka wakala. Mjomba akiitaka kweli hiyo kazi njia ipo, mtihani wa 2023 ulikuwa na maswali 20 ya kuchagua ndani ya saa moja, kufaulu ni asilimia 75, lugha zilikuwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na ukifaulu kuna ada ya leseni dola 600 kwa mwaka. Mtihani ule wa kwanza karibu nusu ya waliofanya walifeli. Mama akaniambia shemeji yake darasa la saba alirudia, nikamwambia basi tumwache aendelee na bodaboda, sisi tutamsomea dogo mikataba bure.